Mbwa Asiye na Manyoya

Je, mtu akimfanya kiumbe kuwa dhaifu, kisha akamtunza kwa mapenzi mpaka siku ya kufa kwake, astahili kusifiwa kwa utunzaji huo au kulaumiwa kwa udhaifu ule? Swali hili sikulipata kitabuni. Nililipata katika nyumba ya bibi mmoja mjane mjini Leeds, Uingereza, mwaka 2012, nilipokuwa nikisomea ualimu wa biolojia huko na kupanga chumba cha juu katika nyumba yake. Aliyeniletea swali lenyewe alikuwa mbwa mdogo wa kilo 4, mwenye mwili mtupu usio na manyoya, isipokuwa kishungi kichwani, nywele miguuni mfano wa soksi, na shada mkiani. Jina lake kwa lugha yao lilikuwa na maana ya lulu. Nami nikamwita Lulu, akaitika.

Natoka karibu na Voi. Kwetu mbwa hulala nje, hula ukoko wa ugali, na hufukuza nyani mashambani. Mbwa wetu aliitwa Simba, kama walivyoitwa mbwa wengi wa majirani, na sikumbuki hata siku moja mtu kuuliza kama Simba alisikia baridi. Msomaji asidhani kwamba hatukumpenda. Alipoumwa na nyoka akafa, baba yangu, ambaye si mwepesi wa huzuni, alikaa kimya jioni nzima. Lakini tulimpenda kama apendwavyo mlinzi mwema, kwa ajili ya kazi yake. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomwona bibi akimvika mbwa fulana ya pamba, na juu ya fulana sweta, nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Bibi hakukasirika. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema, “Kijana, wewe mwenyewe umevaa makoti mawili.”

Utunzaji wa mbwa huyu ulikuwa kazi ya kila siku. Ngozi yake, ya rangi ya waridi yenye mabaka meusi, ilikuwa kama ngozi ya mtu: ilikauka kwa upepo, ilitoka chunusi, iliungua kwa jua. Bibi alimwogesha kwa sabuni laini, akamkausha kwa taulo bila kumsugua, akampaka mafuta kidogo. Mwezi wa Julai, jua la huko linapojitahidi, alimpaka dawa ya kukinga jua masikioni na mgongoni kabla ya kumtoa bustanini. Chakula chake kililainishwa, kwa maana mbwa wa aina hii aghalabu huzaliwa na upungufu wa meno, na Lulu alikuwa na mapengo mengi. Usiku alilala chini ya blanketi, miguuni pa bibi, naye bibi alisema kwamba hakuhitaji chupa ya maji ya moto. Watu wengi hudhani kwamba damu ya mbwa hawa ni moto kuliko ya mbwa wengine. Si kweli. Joto lao ni lile lile la mbwa wote, kati ya nyuzi 38 na 39 hivi. Ila mkono wa mtu hulipata moja kwa moja, kwa sababu hakuna manyoya ya kulizuia.

Watu humwita mbwa wa kishungi wa Kichina. Jina hilo lisimpotoshe msomaji, kwa kuwa damu yake ina undugu na mbwa watupu wa Meksiko na wa Peru, ambao ni wa zamani sana. Katika makaburi ya kale ya Colima, magharibi mwa Meksiko, zimefukuliwa sanamu za udongo za mbwa wanene wenye ngozi nyororo, kazi ya mafundi waliokufa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na wengi huamini kwamba ni mbwa wa aina hiyo. Wameksiko wa kale walimhesabu mbwa kuwa kiongozi wa roho za wafu. Pia walimla, wala hawakuona mgongano kati ya mambo hayo mawili. Serikali ya Peru ilimtangaza mbwa wake mtupu kuwa sehemu ya urithi wa taifa kwa sheria ya mwaka 2001. Katika nchi za joto mwili mtupu si hasara kubwa sana. Hata kwetu yuko kuku wa shingo tupu, na joto linapozidi yeye hustahimili kuliko wenzake. Lakini kumchukua mnyama wa namna hiyo, kumfanya mdogo atoshee mapajani, na kumweka mahali penye theluji, hilo ni shauri la binadamu, na mbwa hakuulizwa.

Pengine tulimfanya hivyo ili tumpende, na pengine ili tumcheke. Katika mji wa Petaluma, California, kulikuwa na shindano la kumtafuta mbwa mwenye sura mbaya kuliko wote duniani. Mbwa mmoja wa aina ya Lulu, jina lake Sam, alishinda mara tatu mfululizo, kuanzia mwaka 2003 hadi 2005, akafa mwaka huo wa 2005. Picha zake zilienea dunia nzima. Mimi pia nilizicheka, kabla sijajua kutetemeka kwa mbwa mtupu kunafananaje.

Nilikujua mwezi wa Januari. Bibi aliteleza juu ya barafu mlangoni pake, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali. Mwanawe alikuwa mbali. Aliniomba nimtunze mbwa, nami nikakubali upesi kama mtu aliyeombwa kumwagilia maua. Siku ya tatu, asubuhi, nilizima mashine ya kupasha nyumba joto ili kupunguza gharama, nikamwacha mbwa bila sweta kwa kuwa nilichelewa, nikaenda zangu. Nilikawia maktaba hadi usiku. Niliporudi sikusikia kucha zake sakafuni. Nilimtafuta vyumba vyote, nikamkuta chini ya kitanda changu, amejiviringa ndani ya shati langu chafu. Ngozi yake ilikuwa baridi kama sahani, na alitetemeka kwa namna ambayo hata nilipomtia kifuani ndani ya koti nilihisi ninatetemeka mimi. Mbwa hawa wana vidole virefu. Alinishika kwa vidole hivyo kama mtoto mchanga anavyoshika nguo ya mama yake. Ilipita saa nzima kabla hajatulia.

Usiku ule nilimfikiri Simba. Simba angeachwa na baridi angekwenda kulala kwenye majivu ya jiko, au angechimba shimo, au angehamia kwa jirani mwenye huruma kuliko sisi. Lulu hakuwa na la kufanya ila kuningoja. Kumtendea Simba ubaya kulihitaji tendo: fimbo au jiwe. Kumtendea Lulu ubaya kulihitaji kusahau tu. Basi nikaona kwamba kila tunapomfanya kiumbe atutegemee zaidi, dhambi zetu kwake huwa nyepesi zaidi kutendeka, na hatuhitaji hata kuwa watu wabaya ili kuzitenda.

Bibi alirudi na fimbo ya kutembelea. Sikumficha habari ile. Alinyamaza kidogo, kisha akanionyesha sweta zilipowekwa, ingawa nilikuwa nimekwisha kupajua.

Mwezi wa Aprili mfugaji mmoja alimpigia simu. Alikuwa na dume mtupu wa ukoo mzuri, akataka amkutanishe na Lulu na wagawane watoto. Bibi akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nikisoma mambo hayo. Nilimweleza nilichokijua. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza chanzo cha utupu wa mbwa hawa, wa Kichina, wa Meksiko na wa Peru: katika jeni moja iitwayo FOXI3, herufi 7 zimerudiwa mara mbili, kama mwandishi aliyesinzia kidogo akiwa kazini. Mnyama hupata nakala moja ya jeni kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Nakala moja yenye kosa humnyima mbwa manyoya na baadhi ya meno. Nakala mbili zenye kosa humwua tumboni. Kwa hiyo kila mbwa mtupu tumwonaye akitembea ana nakala moja nzima na moja mbovu. Na wawili kama hao wakikutana, kwa wastani katika kila vijusi 4 kimoja hufa, 2 huzaliwa watupu, na kimoja huzaliwa na manyoya mwili mzima, wala huwezi kuamini kwamba ni ndugu yao.

“Basi nitamtafutia dume mwenye manyoya,” bibi akasema. “Hapo hakuna atakayekufa.”

Alikuwa amesema kweli, na wafugaji wengi hufanya hivyo. Nikamjibu kwamba hata hivyo nusu ya watoto watazaliwa watupu.

“Lulu ni mtupu,” akasema. “Je, unamwona ana huzuni?”

Lulu alikuwa mapajani pake, amelala, mdomo wazi. Sikuweza kusema ndiyo.

“Kama mtu angalifuata shauri lako miaka 6 iliyopita, Lulu asingalikuwapo. Mwambie sasa kwamba ingalikuwa heri.”

Swali hili lilinishinda siku ile, na nakiri kwamba bado lina nguvu. Lakini nilipolifikiri kwa siku kadhaa niliona kwamba limechanganya watu wawili. Yuko Lulu aliyezaliwa, ambaye ana haki juu yetu zote: joto, mafuta, chakula laini, na kutosahauliwa. Na wako wale ambao hawajazaliwa. Hao hawasimami popote wakilia wapewe mlango wa kuingia duniani. Tukiwaacha hatumnyimi mtu kitu. Ni pale tu tunapowaita ndipo tunapokopa, na deni lenyewe hulipwa na mwili wao kwanza, na wema wetu baadaye.

Mtu ataniambia kwamba hata mtoto wa binadamu huzaliwa hajiwezi, wala hatuwalaumu wazazi. Kweli, lakini mtoto hukua akatuacha, na mzazi mwema hufurahi siku hiyo hata akilia. Udhaifu wa mtoto ni njia. Udhaifu wa Lulu ni kituo. Yuko pia mzazi ambaye hampendi mtoto ila akiwa hajiwezi, humzuia kila analotaka kujaribu, na kuita jambo hilo mapenzi. Mimi natoka katika nchi ambayo mpaka mwaka 1963 ilitawaliwa na watu waliosema kwamba hatujiwezi na kwamba wao ni walezi wetu. Miongoni mwao walikuwamo watu wapole waliotupenda kwa kweli. Nadhani hao ndio waliokuwa wagumu zaidi kuelewa kwa nini tulitaka waondoke.

Nilimwambia bibi mengi ya haya, ila hilo la mwisho nililipunguza ukali, kwa kuwa yeye ni mtu mzima wa miaka 78 na mimi nilikuwa nimekaa mezani pake. Alinisikiliza akimpaka Lulu mafuta. Kisha akasema jambo ambalo sikulitazamia. “Wanangu wanataka kunipeleka katika nyumba ya wazee. Wanasema sijiwezi. Kila asubuhi ninapomwosha mbwa huyu, najua kwamba bado yuko mtu anayenihitaji.”

Hapo niliona ufukara wa hoja zangu. Kutunza humjenga anayetunza, na mtu mpweke akikosa wa kumtunza hunyauka; hilo si jambo la kudharauliwa na kijana mwenye nyonga nzima. Nikamjibu polepole, nikichagua maneno, kwamba haja yake ni ya kweli, na Lulu aliyepo anaitosheleza. Lakini haja yetu ya kuhitajiwa, hata iwe kubwa namna gani, sidhani kwamba inatosha kumwumba mwingine asiye na meno. Udhaifu wa bibi uliletwa na miaka. Udhaifu wa watoto wale ungeletwa na sisi, kwa makusudi, tukijua.

Hakunijibu. Sidai kwamba nilimshinda kwa hoja. Watu wa umri wake hawashindwi na wapangaji. Siku mbili baadaye nilimsikia kutoka ngazini akizungumza na yule mfugaji kwa simu, na sauti yake ilikuwa ile ya mtu anayekataa kwa adabu. Kisha akauliza habari nyingine, akaandika kitu juu ya bahasha.

Mwisho wa Mei aliletwa dume mzee wa miaka 11, mtupu kama Lulu, ambaye mwenyewe alikuwa amekufa na jamaa zake hawakumtaka. Hakuwa na jino hata moja, na ulimi ulining'inia pembeni. Lulu alimnusa, akaenda zake. Bibi alimpandisha mezani juu ya taulo, akachukua uzi wa sufu na utepe wa kupimia. Akaniambia nishike ncha moja shingoni mwake, naye akavuta ya pili mpaka mkiani, akasoma sentimita kwa sauti, nami nikaziandika.