Rangi za Moto na Hila ya Mrututu

  

Wako watu waketishwao na mganga gizani mbele ya moto. Mganga hunong'ona maneno, kisha hutupa unga kidogo, na mara ulimi wa moto hugeuka kijani. Hapo husema, "Mwenyewe amekwisha kuja". Na aliye na mgonjwa nyumbani hufungua pindo la nguo akatoa fedha ya chakula cha watoto. Unga ule ni mrututu, uuzwao dukani, na ndani yake mna shaba. Shaba ikipata moto mkali hutoa rangi ya kijani, akiitupa mganga au akiitupa mtoto wa chuoni, yakisomwa maneno au yasisomwe.

Wala si shaba peke yake. Chumvi ya chakula ina sodiamu, nayo hutia moto umanjano mkali. Chungu cha maji ya chumvi kikifurika, moto chini yake huonyesha hayo. Lithiamu na strontiamu hutoa wekundu. Kalsiamu, iliyomo katika chokaa, wekundu wa tofali. Potasiamu, iliyomo katika jivu la kuni, zambarau. Sababu yake ni kwamba joto hupandisha elektroni za atomu, nazo zirudipo mahali pake hutoa nguvu ile kwa sura ya nuru. Na ngazi za kupandia na kushukia, kila elementi ina zake.

Basi moto ni shahidi, wallakini shahidi hafai kitu ikiwa kadhi hajui kuuliza. Sodiamu kidogo mno, hata ya jasho la kidole, hufunika zambarau ya potasiamu. Kwa hivyo mpimaji husafisha waya wake wa platinamu kwa asidi, akauchoma mpaka moto usibadilike rangi, ndipo achovye anachokipima. Kisha hutazama kwa kioo cha buluu kizuiacho umanjano. Na jicho peke yake halitoshi, kwani bariamu nayo hutoa kijani, mtu akaidhani shaba.

Bunsen na Kirchhoff, wataalamu wa Heidelberg, Ujerumani, waliipitisha nuru ya moto katika kioo cha pembe tatu, ikatawanyika kuwa mistari, kila elementi na mistari yake. Mwaka 1860 wakaona, katika maji ya chemchemi ya Dürkheim, mistari miwili ya buluu isiyojulikana. Hawakusema ni jini. Bunsen aliyakausha maji yale, zaidi ya tani 40, akapata gramu chache tu za chumvi ya kitu kipya, kikaitwa sesiamu. Taabu yote hiyo kwa mistari miwili. Na huyu wa gizani hutaka asadikiwe kwa kutupa konzi moja!

Sheria imeharimisha kumwendea kahini na kumsadiki. Ajuaye khabari ya mrututu, naye amwona jirani yake akipelekwa kwenye moto ule, ni wajibu wake amwambie kabla fedha haijatoka. Amwambie pia kwamba mrututu ni sumu ukiliwa, na moshi wake huumiza macho na kifua. Mgonjwa wa pumu asiketishwe karibu nao kabisa.