Asiyelima
Kuanzia Mei hadi sasa, mwisho wa Agosti, nimelima bustani isiyo yangu. Iko pembezoni mwa mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza, na mpangaji wake ni mzee aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga. Yeye anakaa kwenye kiti cha turubai na kuelekeza. Mimi nachimba, nafunga maharage kwenye miti, naokota konokono jioni.

Bustani hizi za kukodi ni za tangu zamani huku. Sheria ya 1908 inazitaka halmashauri ziwapatie wakazi wanaozihitaji, na ile ya 1922 inataka mazao yawe hasa ya kuliwa na mpangaji na familia yake. Kipande kizima ni kama mita za mraba 250. Kodi ni ndogo, foleni ni ndefu, na mkataba wa mzee una sharti kali: asiyelima hunyang'anywa.

Kabla sijamjua mzee ningelitetea sharti hilo bila kusita. Nyerere alijenga hoja ya namna hiyo mwaka 1958 katika Mali ya Taifa: ardhi haikuumbwa na mtu, basi mtu hawezi kuidai kuwa mali yake, anachoweza kudai ni jasho alilolitia, na haki yake hudumu maadamu anaitumia. John Locke, karibu miaka 270 kabla yake, naye alianzia kwenye jasho, ila akaishia kwenye umiliki. Tena, kwa wepesi unaonikera kila nikimsoma, akahesabu nyasi zilizochimbwa na mtumishi wake kuwa kazi yake mwenyewe.

Kwa Locke, basi, mimi ni mtumishi na maharage ni ya mzee. Kwa Nyerere, nikimsoma kwa ukali, mzee hana tena haki, na kipande kiende kwa aliye mbele kwenye foleni. Simjui mtu huyo. Huenda ni mama anayeishi ghorofa ya nane na watoto wawili. Kila ninapopalilia, namfungia mlango.

Zukini ndizo zilizonifikirisha zaidi. Mwezi huu hazikamatiki: ukipitisha siku tatu, iliyokuwa kama kidole imekuwa kama mkono. Locke aliweka mpaka mmoja mzuri, kwamba usichukue zaidi ya unachoweza kutumia kabla hakijaoza, kisha akautoboa kwa fedha, kwa kuwa fedha haiozi. Sheria ya 1922 inaliziba tundu hilo, maana bustani si ya biashara. Kwa hiyo mzee huzigawa. Anajua nani apewe zile changa kwa sababu ya meno, na nani atasema hataki mpaka aachiwe mlangoni. Mbegu za maharage amezihifadhi mwenyewe mwaka hadi mwaka. Siku ya kupanda aliichagua kwa kushika udongo, si kwa kalenda. Je, huyo halimi?

Nadhani analima. Lakini jibu hilo linatufaa mno sisi wawili, na yule wa kwenye foleni hakuulizwa.

Wiki jana nilimwuliza mzee kama angekubali kipande kigawanywe, maana halmashauri nyingi siku hizi hukodisha nusu. Mtufaha uko upande mmoja, bomba la maji upande wa pili. Alinyamaza, akaifuta zukini aliyokuwa ameishika kwa shati lake.

"Nusu ipi?" akauliza.