Mzigo wa Mtihani na Mkate wa Elia



Kila mmoja wenu anaijua siku ile padri anapofika kijijini kuwauliza maswali kabla ya ubatizo. Miezi mingi mmejifunza. Nyumbani mliisema Nasadiki bila kukosa neno. Lakini jina lako linapoitwa, moyo unadunda, mikono inatoka jasho, na maneno uliyoyajua jana yanaruka kama ndege waliotupiwa jiwe. Je, imani imekutoka? Hapana. Hofu tu imefunga mlango. Shikeni jambo hilo moyoni, maana leo nataka kusema nanyi juu ya watoto wenu walioko mjini.

Wengi wenu mna mtoto anayesoma Lubumbashi, anayekaa kwa mjomba au kwa shangazi kule Kampemba. Kwa ajili yake mmeuza mahindi, mmechoma makala, mmetoa mbuzi. Mwisho wa masomo ya sekondari mtoto huyo anakutana na Mtihani wa Serikali, ambao wanafunzi wanauita Exetat. Ulianzishwa mwaka 1967, nao ni mmoja kwa nchi nzima. Kwanza kuna insha na maswali ya kujibu kwa mdomo. Baadaye zinafuata siku nne za maswali ya kuandika. Anayefikia nusu ya alama, yaani 50 kwa 100, anapata diploma; asiyeipata hawezi kuingia chuo kikuu. Matokeo yakitangazwa, waliofaulu wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, na nyimbo zinasikika njia nzima. Furaha hiyo ni njema. Lakini katika nyumba ya jirani ameketi mtoto ambaye kichwa chake hakina poda. Nani atakwenda kwake?

Tumfikirie kijana mmoja usiku wa kuamkia mtihani. Umeme umekatika, anasoma kwa mshumaa. Baba yake anampigia simu kutoka kijijini, anamwambia: “Usituaibishe. Mbuzi wangu wamekwisha kwa ajili yako.” Baba amesema hivyo kwa kumpenda. Lakini kijana amesikia neno jingine: kwamba akianguka, yeye si mtoto tena, bali ni hesabu ya mbuzi waliopotea. Basi macho yako kitabuni, ila roho iko zizini. Kukicha, hakulala wala hakula. Na yale aliyoyajua yamemkimbia.

Ndugu zangu, Mungu alimtendeaje mtumishi wake aliyelemewa? Tunasoma habari hiyo katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Nabii Elia, akimkimbia malkia Yezabeli, aliingia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Mungu hakumkemea, wala hakumhesabia neema zote alizompa. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya mawe ya moto, pamoja na maji. Elia akala, akalala tena. Alipoguswa mara ya pili aliambiwa ale, kwa sababu safari yake ilikuwa ndefu. Ndipo akatembea siku 40 mpaka mlima Horebu, na huko akasema na Mungu. Angalieni vema mpango huo: kwanza usingizi, mkate na maji, halafu safari, mwisho maneno.

Ninyi wazazi, fanyeni kama malaika yule. Siku za mtihani mtoto asitumwe sokoni wala kisimani kutwa nzima. Apewe bukari yake mapema. Alale, maana akili iliyonyimwa usingizi haihifadhi, nayo inapoteza hata ilichokuwa nacho. Mkipiga simu, mwambieni: “Mwanangu, fanya kazi yako kwa moyo. Ukifaulu tutafurahi pamoja. Usipofaulu, mlango wa nyumba hii ni ule ule.” Maneno hayo hayamfanyi mvivu. Yanamwondolea mzigo, apate mikono ya kufanyia kazi.

Nanyi vijana, msingoje mwezi wa mwisho ndipo mfungue daftari. Someni kidogo kila siku, semeni na mwenzenu mliyojifunza, pumzikeni. Sala haishiki nafasi ya kazi, na kazi haishiki nafasi ya sala. Mbele ya karatasi, fanyeni ishara ya msalaba, vuteni pumzi polepole, anzeni na swali mnalolijua.

Mtoto akiacha kula siku nyingi, akijitenga na wenzake, au akisema afadhali afe, msidhani ni mchezo, wala msimpige. Msimwache peke yake. Kaeni naye, mkamwite muuguzi au daktari, na padri pia. Elia naye alisema hivyo, na Mungu hakumwacha.

Tena liko neno zito. Wazazi wengine, kwa hofu ile ile, wanachanga fedha ili kununua majibu. Huo ni uongo dhidi ya amri ya nane, na ni kumdhulumu mtoto wa maskini aliyejibu kwa jasho lake. Zaidi ya hayo, kumnunulia mtoto majibu ni kumwambia: sikuamini. Jeraha hilo diploma haiwezi kuliponya.

Mwishowe mkumbukeni Mtakatifu Yohane Maria Vianney, mwana wa wakulima wa Ufaransa, aliyechunga mifugo utotoni. Alianza masomo akiwa mtu mzima, na Kilatini kilimshinda. Mwaka 1813 aliingia seminari ya Lyon, lakini hakuweza kujibu, akarudishwa. Mwalimu wake, Padri Balley, hakumtupa. Alimfundisha tena kwa lugha yake mwenyewe, akamtetea mbele ya wakubwa. Mwaka 1815 Vianney akapewa upadri, na baadaye watu wasiohesabika walisafiri mpaka kijiji cha Ars ili aungamishe dhambi zao. Mtihani ulipima Kilatini chake, na ulipima sawasawa. Yeye mwenyewe haukumpima. Padri Balley alijua tofauti hiyo. Je, sisi wazazi tunaijua?

Kusudi la juma hili: kila mzazi mwenye mtoto shuleni amwambie, kabla ya matokeo na si baada yake, kwamba anampenda. Na mtoto wa jirani akianguka, tumwendee na chakula, tusimwendee na maswali.

Tusali: Ee Mungu, uliyemlisha Elia jangwani, uwape watoto wetu usingizi, nguvu na kumbukumbu. Utupe sisi wazazi ulimi mpole. Wakifaulu, wasijivune, wakianguka, wakute mikono yetu imefunguliwa. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.