Ukuta wa jiko ukivunjwa, sitara ya nani inaondoka?

Mtindo mpya wa kukarabati nyumba umetufikia hata sisi wa nyanda za juu. Sebule, mahali pa kulia na jiko vinafanywa chumba kimoja, madirisha yanapanuliwa, kuta zinapakwa rangi nyeupe, na nyumba iliyokuwa na giza jana inang'aa leo. Hapa Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, inapopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya, nyumba nyingi za zamani ni za tofali za kuchoma: korido katikati, vyumba huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani. Ukiingia saa sita mchana unapapasa ukutani kutafuta swichi ya taa. Mtu akitaka mwanga mimi simlaumu. Giza si sehemu ya dini.

Lililonifanya nishike kalamu ni suala aliloniletea mzazi mmoja wa hapa mtaani. Nyumba yake ina vyumba viwili vya kulala, sebule na jiko dogo. Mkewe anataka ukuta kati ya jiko na sebule uvunjwe. Yeye hataki, na alikuja kwangu na jibu lake tayari mfukoni: kwamba jiko la wazi ni kuiga Wazungu na linaondoa sitara ya mwanamke wa Kiislamu. Alichotaka ni mwalimu wa dini amgongee muhuri.

Muhuri sikuugonga, ingawa hoja ya sitara ina uzito wake. Suratun Nur aya ya 27 inatukataza kuingia nyumba za watu mpaka tuombe idhini na kuwasalimia wenyewe. Aya ya 58 inaingia ndani zaidi: hata watoto wa humo humo nyumbani wafundishwe kuomba ruhusa nyakati tatu, kabla ya sala ya Alfajiri, mchana watu wanapovua nguo kupumzika, na baada ya Isha. Sasa mtoto ataombaje ruhusa mahali pasipo na mlango?

Wazee wetu walilijua jambo hili. Tazama nyumba za mawe za Lamu: upande wa njiani ni ukuta mtupu, mgeni anapokewa kwenye daka, na mwanga unaingia kwa juu kupitia ua wa ndani. Mwanga walikuwa nao bila ya kuanikwa. Nyumba zetu za korido zilitumia baraza, mgeni anamaliza maneno yake pale nje na familia haijasumbuliwa. Lakini baraza la Ipogolo mwezi Juni au Julai, baada ya Isha, nani atalikalia? Baridi inamwingiza mgeni ndani, na ukuta wa jiko unabaki kuwa sitara pekee.

Hata hivyo, ndugu msomaji, tujiulize ukuta huo unasitiri nini. Nyuma yake mna moshi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, maana yake wengi wetu tungali kwenye kuni na mkaa. Mama na binti wanakohoa kwenye kijichumba chenye kidirisha cha kiganja, sebuleni wanaume wanacheka, na chakula kinatokea mlangoni kana kwamba kimejipika. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (SAW) akifanya nini nyumbani, kwa mujibu wa Bukhari, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Ukuta unaweza kusitiri uvivu pia.

Na chumba cha Mtume (SAW) hakikuwa na nafasi. Akisali usiku, Bibi Aisha alilazimika kukunja miguu ili yeye apate pa kusujudia. Sitara yao ilikuwa pazia. Wengi tunaikumbuka aya ya 53 ya Suratul Ahzab kwa sababu ya pazia hilo, wakeze waombwe kitu kutoka nyuma yake. Tunasahau kwamba aya hiyo inaanza kwa kuwatia adabu wageni: wasiingie bila kuruhusiwa, wasiwahi wakasubiri chakula kiive, na wakishakula watawanyike wasikae kupiga soga.

Nikamuuliza: wageni wako wanakuja saa ngapi, na nani anawaleta? Akasema huwaleta yeye mwenyewe, baada ya Isha, na hapigi simu nyumbani ingawa simu anayo mkononi. Basi ukuta anaoutetea unalinda kwanza tabia yake. Ukivunjwa naye asibadilike, mkewe atashinda na mtandio kichwani ndani ya jiko lake mwenyewe, na hiyo ni dhulma. Akibadilika, nusu ukuta na pazia zito vinatosha, na kiti cha mgeni kielekezwe mlangoni.

Yapo na ya fundi. Kuta nyingine za ndani zimebeba paa, na jengo lililoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu zaidi ya 20 halipaswi kusahaulika upesi hivi. Na jiko la mkaa halina nafasi katika chumba cha wazi. Msimu wa baridi watu wanafunga madirisha, na hewa ya mkaa inaua watu wakiwa usingizini. Mkaa ubaki uani.

Tukiwa tunaagana nikamuuliza watoto wanalala wapi. Ana mvulana wa miaka kumi na mmoja na wasichana wawili, wote chumba kimoja. Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Abu Daud, aliamuru watoto wafikapo miaka kumi watenganishwe malazi. Hilo hakuja kuliuliza, wala mkewe hakuwa amelitaja. Fundi aliyekuja juzi kupima ukuta wa jiko alipewa na kazi ya pili: kupima chumba cha watoto, kuona kama kinaweza kugawanywa kwa ukuta mpya.