Je, Ni Dhambi Kucheka Mwenzako Akiwa Mgonjwa?

Somo: 1 Wafalme 19:1-8, Yona 1:1-6



Kuna swali ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini, baada ya ibada, wengine wakishaenda kunywa chai. Muulizaji ni mtu ambaye mke wake ana saratani, au ni mama ambaye mume wake anaugua. Haulizi kama Mungu anaponya, hilo analiamini. Anauliza hivi: "Pastor, jana nilitazama mpira nikasahau kabisa kwamba nyumbani kuna mgonjwa. Nilipokumbuka nilijichukia. Je, nimemkosea?"

Tusimjibu haraka. Kwanza tuangalie mzigo aliobeba.

Wengi wetu tukisikia "mgonjwa" tunafikiria siku chache, kama vile malaria. Saratani si hivyo. Kemo mara nyingi hutolewa kila baada ya siku 21. Mizunguko 6 ya namna hiyo ni siku 126, zaidi ya miezi minne, na baadaye mionzi inaweza kufuata, siku tano kwa wiki, wiki baada ya wiki. Anayetoka Kitui au Narok kuja kliniki Nairobi anaamka usiku wa manane. Anapanga laini mgonjwa apimwe damu, anangoja majibu, anangoja dawa, kisha anakaa kando ya dripu masaa mengi. Akirudi nyumbani kuna kutapika, kuna vidonda vya mdomo, kuna uji usiolika, kuna fomu za SHA, na watoto wanataka kujua kwa nini nywele za mama zimeisha. Safari ya namna hii haiendwi kwa pumzi moja.

Hata hivyo, dhamiri yake ina hoja, na ni hoja nzito. Inamwambia: "Mgonjwa hana likizo. Hawezi kuuacha mwili wake kitandani aende kutazama mpira. Wewe unawezaje? Si mlikuwa mwili mmoja?" Na kama dhamiri ikinyamaza, majirani hawanyamazi: "Tulimwona Baba Fulani kwa kinyozi akicheza drafti na kucheka, na bibi yake amelazwa."

Sasa fungua Biblia uwaangalie watumishi wawili waliolala usingizi.

Wa kwanza ni Eliya. Amechoka mpaka anaomba kufa. Analala chini ya mretemu jangwani. Malaika anapomjia haanzi na mahubiri. Anamgusa, anampa mkate na maji, na Eliya anakula, anakunywa, kisha analala tena. Mara ya pili malaika anamwamsha na kumlisha kwa sababu safari iliyo mbele ni kubwa. Kwa nguvu za chakula hicho akatembea siku 40 mchana na usiku mpaka Horebu.

Wa pili ni Yona. Yeye pia analala, tena usingizi mzito, ndani kabisa ya merikebu. Lakini merikebu yenyewe inaelekea Tarshishi, mbali na kazi aliyotumwa. Huku juu dhoruba inavuma, mabaharia wanalia kila mtu kwa mungu wake, na yeye hana habari.

Usingizi ni ule ule. Mmoja alipumzika, mwingine alikimbia. Kwa hivyo swali letu si, "Je, nilicheka?" Swali ni, "Nilikuwa chini ya mretemu au nilikuwa ndani ya merikebu?"

Utajuaje? Jipime kwa mambo matatu.

Moja: je, mwenzako anajua uko wapi? Mapumziko ya Eliya hayana siri. Ukiona unalazimika kudanganya, hapo tayari umeshakata tikiti ya Tarshishi.

Mbili: je, mtu akikuhitaji anakupata? Aliye kwenye kemo kinga yake hushuka, na joto la mwili likifika nyuzi 38 si jambo la kungoja asubuhi. Ni kwenda hospitali wakati huo huo. Kwa hivyo toka, lakini acha mtu mzima pale nyumbani, na simu yako iwe na chaji.

Tatu: je, unarudi na nini? Kuna starehe inayokurudisha ukiwa na uvumilivu na maneno laini. Kuna nyingine, kama chupa na kamari, inayokurudisha mfuko ukiwa mtupu na hasira imejaa. Mti unajulikana kwa matunda yake.

Ukipita hapo, basi kuwa huru. Mwagilia sukuma wiki zako kwenye magunia. Fuma sweta. Nenda mazoezi ya kwaya. Tazama mechi hadi mwisho. Hujamwibia mgonjwa chochote; umeenda kumchotea maji.

Na tusidhani kwamba mgonjwa mwenyewe anataka nyumba ya kilio. Wengi wao wamechoka kuulizwa, "Umeamkaje? Umemeza dawa?" Wanatamani kusikia nani alifunga bao, mbuzi wa jirani alikula nini, fundi wa choo alisema nini. Ukimletea kicheko kidogo kutoka nje, yeye ambaye hawezi kutoka ametoka kidogo pamoja nawe. Hapo ndipo lile neno la mwili mmoja linapata maana: si kwamba wote wawili waugue, bali nguvu ya mmoja iwe ya wote wawili.

Lakini kuna wale wasioweza kupumzika hata wakiruhusiwa, kwa sababu hakuna wa kuwashikia zamu. Hapa, kanisa, ukweli usemwe: tunajua sana kuomba kwa ajili ya mgonjwa, na tunamsahau anayemwinua kitandani. Kumbukeni Musa pale mlimani, katika Kutoka 17. Mikono yake ilipolemewa, Haruni na Huri walimletea jiwe akalie, ndipo wakaishika mikono yake huku na huku. Hakuna aliyesema Musa amepungukiwa na imani kwa sababu ameketi. Kuketi kwake ndiko kulikofanya mikono isimame mpaka jua lilipotua.

Kwa hivyo wiki hii kila ushirika wa nyumbani ufanye jambo moja. Tafuteni nyumba moja yenye mgonjwa wa muda mrefu. Msiende watu kumi kuimba na kungoja chai. Waende wawili, wanawe mikono, wakae na mgonjwa masaa matatu, na mwambieni yule mwenzake, "Wewe toka. Usituulize tutafanya nini. Rudi ukiwa umecheka." Na mkimwona kwa kinyozi na drafti yake, msimnong'one. Ninyi ndio mliomletea jiwe.

Tuombe: Baba, wakumbuke wanaokesha kando ya vitanda vya wapenzi wao. Wape mkate na maji ya safari. Wanaokimbia, uwarudishe. Wanaopumzika, uwaondolee hatia. Katika jina la Yesu. Amina.