Sarafu Ndogo ya Mtoto



Labda mmoja wenu husema moyoni: «Mimi ni maskini, wala sijabatizwa bado. Kusaidia watu ni kazi ya matajiri.» Basi, sikilizeni habari hizi za watoto.

Zamani Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika Ufaransa, alipata habari za mapadri waliokuwa China. Habari zile zilimhuzunisha mno: huko watoto wachanga walitupwa, wakafa kwa njaa na maradhi, tena bila Ubatizo. Akataka shauri kwa Pauline Jaricot wa Lyon, aliyekwisha kuwafundisha wafanyakazi kutoa sarafu moja kila juma kwa ajili ya misioni. Ndipo mwaka 1843 Askofu akawaita, si wakubwa, bali watoto. Akawaomba mambo mawili tu: kila siku Salamu Maria moja, na kila mwezi sou moja.

Sou ilikuwa sarafu ndogo. 20 zilifanya franka moja. Mtoto alitoa 12 kwa mwaka mzima, wala hazikufika franka. Lakini watoto wengi walitoa pamoja, na kwa fedha yao yatima waliokotwa, wakalishwa, wakafundishwa. Askofu alikufa mwaka 1844, lakini kazi yake haikufa. Mwaka 1922 Papa Pius XI aliifanya kuwa kazi ya Kipapa, nayo yaendelea hata leo kwa jina la Utoto Mtakatifu.

Tujifunze nini?

Kwanza: Mungu hahesabu kama mchuuzi sokoni. Bwana Yesu aliwaona matajiri wakitia fedha nyingi katika sanduku la Hekalu, lakini aliyemsifu ni mjane wa sarafu mbili, kwa maana yeye alitoa riziki yake yote.

Pili: Sadaka iwe mali yako mwenyewe. Mtoto akiiba mayai ya mama yake apate fedha ya kutoa, anamletea Mungu dhambi. Afadhali auze kuni alizozitafuta, au ajinyime karanga siku ya soko. Sadaka ile ina jasho lake.

Tatu: Watoto wale waliombwa sala pamoja na sarafu, ili moyo uende pale fedha inapokwenda. Kumbukeni neno hili, kwa maana ni rahisi kumhurumia mtoto wa mbali, huku yatima wa ndugu yako anafukuzwa penye chungu chako.

Utauliza: «Mimi mkatekumeni nifanye nini?» Usingoje Ubatizo ndipo uanze kupenda. Juma hili mtafute yatima mmoja wa kijiji chako, mpe chakula, umwombee Salamu Maria moja. Hivyo siku utakayokaribia maji ya Ubatizo, hutakwenda mikono mitupu mbele ya Yule anayesema kwamba lolote tuwatendealo wadogo, tumemtendea Yeye.