Usiung'oe Ukuta wa Nyambizi

Kofia ngumu kichwani, mito ya kujikinga mwilini, kamera mkononi: hivyo ndivyo mpiga picha Jost Vacano alivyofukuzana na waigizaji wa filamu ya Das Boot katika studio za Bavaria, Munich. Mabaharia wanatimka kwenda chumba cha mbele ili uzito wao uisaidie pua ya nyambizi kuzama haraka. Naye yumo nyuma yao, anapenya vitundu vya mviringo vinavyoitwa milango, anainamia mabomba, anagonga mabega. Kamera ameifungia jairoskopu ili picha isiyumbe kupita kiasi. Njia nyepesi ilikuwepo, maana seti ni seti: ng'oa ukuta mmoja, simamisha kamera nje, piga picha kwa raha zako. Hawakuung'oa.

Wewe unayelala na riwaya chini ya mto ukiota kuifanya filamu, anzia hapo kwenye ukuta.

Lothar-Günther Buchheim alipanda nyambizi U-96 mwaka 1941 akiwa mwandishi wa habari za vita. Riwaya yake, Das Boot, ilitoka mwaka 1973, kitabu kinene kweli kweli. Wamarekani wakaitaka, mipango ikapangwa na kuvunjika. Kisha mwongozaji Wolfgang Petersen akakaa chini, akaandika skripti mwenyewe, na mwaka 1981 filamu ikaingia kumbini. Alitumia marki milioni 32, fedha nyingi mno kwa sinema ya Kijerumani ya wakati ule.

Najua umeshaniuliza: milioni 32 nitazitoa wapi? Subiri. Kumbuka onyesho lile manowari ya adui inapopita juu. Mitambo imezimwa. Nahodha ananong'ona. Watu wote wameinua macho darini, kana kwamba chuma kitawaonyesha kitu. Jasho linatiririka, na ile sauti ya kifaa cha kuwatafuta inagonga ganda la nyambizi, ting, kimya, ting, kila mara karibu zaidi. Hatumwoni Mwingereza aliye juu. Uso wake hatuujui, na ndiyo maana tunamwogopa. Sasa nijibu wewe: kunong'ona kwa Jürgen Prochnow, aliyemwigiza nahodha huyo, kuligharimu marki ngapi?

Petersen alivichukua vitu vidogo vya kitabuni akavishikilia. Mkate unaota ukungu. Choo kinachotumika ni kimoja tu kwa watu zaidi ya arobaini, kwa sababu cha pili kimejazwa vyakula. Alipiga picha kwa mfuatano wa hadithi ili ndevu ziote zenyewe, na waigizaji wakazuiwa kuota jua mpaka wakapauka kama watu walioishi chini ya bahari. Hakuna mapambo yanayoweza kuleta ule upaukaji.

Ujasiri mwingine ni mgumu zaidi. Hawa walikuwa wanajeshi wa Hitler, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo isiwe manukato. Meli ya mafuta inawaka, mabaharia wake wanajirusha majini na kuogelea kuifuata nyambizi, wakiomba kuokolewa. Nahodha anaamuru chombo kirudi nyuma. Hakuna hotuba inayofuata, hakuna anayetuambia tumhukumu vipi. Unapofika kwenye ukurasa kama huo katika riwaya yako, mkono utataka kuulainisha ili mhusika wako apendwe. Uzuie mkono huo.

Na jiandae kugombana. Buchheim aliishambulia filamu hadharani, akiona kwamba kitabu chake cha kupinga vita kimetiwa msisimko wa bei rahisi. Huenda kuna mahali alisema kweli. Mimi nikilitazama toleo lake refu la mwaka 1997, la saa tatu na nusu, nasikia kitabu chake kikipumua vizuri zaidi. Lakini Petersen hakuacha kazi kwa kuogopa kununiwa na mwandishi. Akateuliwa kuwania Oscar mara mbili kwa filamu hiyo hiyo, kwa uongozaji na kwa skripti.

Hadithi hiyo ilirudi kwenye televisheni mwaka 2018, safari hii nusu yake ikiwa nchi kavu, La Rochelle, pamoja na Wafaransa waliopambana kwa siri. Imetengenezwa vizuri, sikatai. Ila kila tunapopanda ngazi kwenda mitaani, kifua changu kinalegea, na mimi sikuja kulegezwa.

Basi chukua riwaya yako usiku huu. Tafuta chumba kimoja ndani yake ambamo mhusika hawezi kutoka, umfungie humo, na wewe uingie naye. Andika kurasa tano bila kufungua mlango. Kesho zipeleke kwa mwigizaji mmoja azisome kwa kunong'ona, nawe uangalie kama waliokaa karibu wameacha kuchezea simu.